Namtafsiria mama Breaking Bad, nimejikuta namtetea muuaji. Ni mimi tu?

Mtoto wa Soni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Mama yangu ametoka Soni, Lushoto. Goti linamsumbua, anahudhuria kliniki hapa mjini, kwa hiyo huu ni mwezi wa pili yuko kwangu Tabata. Mchana anashinda na wajukuu, usiku anataka tamthilia. Zile za Kituruki zenye sauti za Kiswahili alizimaliza zote mpaka akawa anawajua waigizaji kwa ukoo. Siku moja akaniambia, "Weka hiyo unayoangaliaga kwenye simu ukijificha." Ilikuwa Breaking Bad, ile ya Kimarekani ya Walter, mwalimu wa kemia mwenye saratani anayepika dawa za kulevya na Jesse, aliyekuwa mwanafunzi wake. Naiangalia kwa mara ya tatu. Nikaiweka kwenye runinga kuanzia mwanzo.

Tatizo, Kiingereza hana. Nikawa Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za vibandani, ila wa sebuleni. Wanaongea dakika mbili, mimi nampa sentensi tatu. Mama mwepesi, anafuatilia, anauliza maswali ya maana: huyu shemeji polisi hajui kitu? Hiyo dawa inapikwa kama gongo?

Juzi tukafika kwa yule binti Jane, msimu wa pili. Kwa ambao hamjaiona: Walter anaingia usiku nyumbani kwa Jesse, anamkuta kijana na mchumba wake wamelala fofofo, wamejidunga. Anamtikisa Jesse aamke. Katika kutikisa, binti anageuka chali. Punde anaanza kutapika, anapaliwa. Walter anakimbilia upande wake kumlaza ubavu, halafu anasimama. Mkono umeshafika nusu ya safari. Anaurudisha. Anamtazama mpaka anatulia.

Mama akauliza, "Imekuwaje?"

Nikamjibu chapuchapu, "Dawa zimemzidi, amekufa."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mbona huyu baba alitaka kumgeuza, akaacha?"

Wakuu, pale hapakuwa na neno hata moja la kutafsiri. Watu hawaongei. Na bado nilitafsiri uongo.

Usiku ule nikaanza kujikagua. Nimekuwa nikimpunguzia yule jamaa dhambi tangu siku ya kwanza. Akimdanganya mkewe, mimi nasema "anamwambia alichelewa kazini", siongezi kwamba ni uongo. Wale matajiri, wenzake wa zamani wa kampuni, Elliott na Gretchen, walipotaka kumlipia matibabu akakataa, nilimwambia mama "walimdhulumu kampuni". Pale hakuna aliyesema hivyo! Baadaye tunaambiwa fungu lake aliliuza mwenyewe kwa dola 5,000. Nimeongeza chumvi kutoka jikoni kwangu.

Sasa swali: nani mwingine humu amejikuta anamshangilia steringi ambaye akikutana naye mtaani angemwitia mwizi? Muvi gani? Na kwa nini?

Chalii_wa_Sombetini

Siti ya mbele hapa.

Ila mkuu haya ni matatizo ya kujitakia, mama wa watu umempeleka kwenye mambo ya sembe. Ungemwekea mpira.

Mimi sioni shida. Steringi ni steringi. Thomas Shelby wa Peaky Blinders anaua, anahonga, anaoa kwa hesabu, na mimi nimenyoa kama yeye. Watu tunaangalia akili. Jamaa hana kitu, anawapiga akili wenye nazo. Nani hapendi hiyo?

Kimbweta

Weka tahadhari ya spoila basi! Mimi ndo niko msimu wa kwanza.

Mtoto wa Soni

@Kimbweta samahani mkuu, ila kitu kimeisha 2013. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa anaota ndevu.

Fundi wa Deki

Uzi mtamu, ngoja niweke kiti.

Mimi nilikuwa na kibanda umiza Morogoro, enzi za kanda na deki, kabla flashi hazijatumaliza. Kiingilio jero kwa wakubwa, watoto miambili. Nimekaa nyuma ya mabenchi yale miaka, naangalia watu wanaoangalia muvi. Nilichojifunza: watu wanamshika mkono yule wa kwanza kuonyeshwa uso. Basi. Picha ikianza na jambazi anafunga kamba za viatu asubuhi, mwanawe analia ndani, tayari huyo ni wetu. Polisi akija dakika ya ishirini, huyo ni adui, hata kama amekuja na hati ya mahakama. Watu wanamzomea kabisa.

Na sisi wa vibanda tulichangia. Sauti ya Lufufu ikishasema "steringi wetu huyu hapa", kwisha kazi, hakuna wa kubadilisha.

Tafuteni Psycho ya Hitchcock, ya 1960, nyeusi na nyeupe. Yule dada tuliyekuwa naye tangu mwanzo anauawa bafuni, picha haijafika hata nusu. Tumebaki hatuna mtu. Kijana wa hoteli, Norman, anakuja kusafisha. Anapiga deki, anafunga mwili kwenye pazia la bafu, anaupakia kwenye buti, anasukuma gari kwenye dimbwi la matope. Gari linazama, linazama, halafu linakwama. Paa bado liko juu. Norman anaacha kutafuna, anaangaza huku na huku.

Nimewaonyesha wanangu wawili na jirani mmoja mlokole. Wote watatu walishika pumzi. Wote walitaka lizame! Ndani ya lile gari kuna maiti ya mtu ambaye dakika kumi zilizopita tulikuwa tunamwombea. Sekunde chache tu za gari kukwama, tumeshahama timu.

Ndiyo maana nasema @Mtoto wa Soni usijilaumu sana. Umefanyiwa ufundi.

Tena Wamarekani wenyewe walijua hilo kitambo. Kuanzia 1934 mpaka 1968 studio zao zilikuwa na kanuni: uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji amwonee huruma mhalifu, na mwovu lazima apatilizwe kabla picha haijaisha. Hiyo ndiyo sababu kwenye zile picha za zamani jambazi anafia kwenye ngazi dakika ya mwisho hata kama hadithi haikudai. Kanuni ilipoondoka, milango ikafunguka.

Mwalimu_Asidi

Mimi ni mwalimu wa kemia, kidato cha tatu na cha nne, nisikilizeni mwenye mtaala.

Kwanza, kuna mahali Walter anataja mshahara wake: dola 43,700 kwa mwaka. Analalamika. Nilisimamisha picha nikapiga hesabu kwenye simu, nikarudia, nikaenda kunywa maji.

Pili, na hapa sicheki. Ile ya kwanza kabisa, Walter baada ya vipindi anafanya kazi ya kuosha magari. Anapiga magoti anasugua tairi la gari la kifahari, anainua macho, mwenye gari ni mwanafunzi wake. Na msichana aliye naye anampiga picha.

Mimi jioni naendesha bodaboda. Si siri, hata mkuu wa shule anajua. Mwaka juzi usiku nikabeba abiria, kofia kichwani, hakunitambua mpaka tulipofika kwao. Mwanafunzi wangu, wa benchi la nyuma. Nauli elfu mbili, akanipa tano, akasema, "Chenji kaa nayo ticha." Hakuwa na ubaya, nadhani alikuwa ananihurumia, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kesho yake nikaingia darasani kufundisha mizania ya milinganyo, yule kijana hakuthubutu kuniangalia usoni, na mimi vilevile.

Kwa hiyo Walter alipovaa lile kofia jeusi nikasema nenda baba. Nenda. Sikuwa namshangilia muuza dawa, nilikuwa namshangilia aliyesugua tairi. Shida ni kwamba yule wa tairi aliondoka mapema sana na mimi sikugundua, niliendelea kushangilia koti tupu.

Mpaka mwisho kabisa anapomwambia mkewe kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alipenda na alikuwa hodari. Misimu mitano anasema "kwa ajili ya familia". Nilijisikia kama nimekopwa.

Chalii_wa_Sombetini

Ticha nimekuheshimu bure. Hiyo ya chenji imeuma.

Ila tuseme ukweli mwingine: mharibifu wa ile tamthilia ni mke. Skyler ananikera mpaka leo. Jamaa anahangaika, mwanamke kazi kuuliza uliza. Ulikuwa wapi, hiyo simu ya pili ni ya nini. Angetulia hela zingekuwepo.

Shangazi wa Makorora

Nilikuwa napita tu, mmenirudisha.

Wewe Chalii, mwanangu, hebu soma tena ulichoandika. Mume ana simu ya pili. Anapotea siku mbili anarudi hana nguo. Analeta hela asizoweza kuzieleza. Mke ana mimba, na ana mtoto mwenye ulemavu. Anauliza. Kosa lake nini?

Mimi nimeishi na mwanaume wa simu mbili miaka tisa. Hakuwa akipika dawa, wa kwangu alikuwa na nyumba nyingine Korogwe. Ila nilivyomwona yule mama amesimama jikoni ameshika kikombe anajiuliza aulize au asiulize, nilikijua kile kikombe. Na familia yake yote ilikuwa inaniona mimi ndiye mkorofi! "Mbona unamsumbua mwanetu, si analeta matumizi?"

Yule mwigizaji, Anna Gunn, watu walimchukia mpaka yakatoka kwenye tamthilia yakamfikia yeye mwenyewe, na Agosti 2013 akaandika makala kwenye New York Times kuzungumzia chuki hiyo. Mwaka huohuo akapata tuzo ya Emmy kwa uhusika huohuo. Sasa fikirieni. Anayeua watu anachapishwa kwenye fulana. Anayeuliza watu wameuawa na nani, anatukanwa.

@Fundi wa Deki kasema ufundi, sawa. Ila ufundi haukukuta mahali patupu. Ulikuta watu wameshazoea kumwona mwanamke anayeuliza kuwa ni kelele.

Kimbweta

Umeupiga mwingi shangazi. Ila na nyie jamani, mimba ya nani tena?? Nimesema niko msimu wa kwanza.

Mwalimu_Asidi

Mimba inaonekana dakika za kwanzakwanza, mkuu. Angalia kwa makini.

Mzee wa Cine Afrique

Assalaam alaykum vijana. Mnazungumza kama kwamba mambo haya yameletwa na intaneti.

Mie ni wa Unguja, picha zangu nimeziona Cine Afrique na Majestic. Steringi mwovu wa kwanza kunitoa machozi alikuwa Amitabh Bachchan ndani ya Deewaar, ya 1975. Vijay, mtoto wa mtaani, babake alikimbia kwa aibu, mkononi wamemchanja maandishi kwamba baba yake mwizi. Anakua mchukuzi bandarini, kisha anakuwa mkubwa wa magendo. Nduguye Ravi anakuwa polisi.

Pale bandarini beji yake ni namba 786. Mzee mmoja Muislamu, Rahim, anamweleza thamani ya namba ile, kwamba kwa Waislamu ni hesabu ya Bismillahi. Nyinyi vijana wa bara huenda hamkuishika, lakini ukumbini Unguja pale ilipotajwa mia saba na thamanini na sita, watu walipiga makofi, wengine wakasema Bismillahi kwa sauti. Namba ikamkinga na risasi. Tokea hapo Vijay akawa wetu, awe wa magendo awe wa nini. Na bandari tulikuwa nayo hapa hapa, na magendo ya karafuu kila mtu alikuwa na ami yake aliyeyajua. Hatukuwa wageni na mambo hayo.

Lakini sikilizeni alivyofanya mama yake. Anampenda Vijay zaidi kuliko mwenziwe, wala hafichi. Na ndiye anayempa Ravi bastola kwa mkono wake, anamwombea mkono usitetemeke. Akishamaliza anasema sasa nakwenda kumsubiri mwanangu. Anakwenda hekaluni kumngoja huyo huyo atakayepigwa. Vijay anakufa mapajani mwake, na ile beji imeshamtoka njiani.

Basi mie ndio nawauliza: hizi zenu za leo nani anaempa mtu bastola huku analia? Naona ama mnashangilia, ama mnalaani.

Halafu 1993 akaja huyu Shah Rukh Khan. Wakati huo tunakodi kanda. Baazigar, anamchukua binti wa watu, Shilpa Shetty ndio picha yake ya mwanzo, anamwambia twende tukaandikishe ndoa, anampandisha juu ya jengo, anamsukuma. Tulipiga ukelele nyumba nzima. Saa moja baadae nyumba hiyo hiyo inamlilia yeye, maana tumeonyeshwa baba wa yule binti alivyowafilisi wazazi wake. Akapewa Filmfare ya mwigizaji bora. Mwezi uliofuata ikatoka Darr, huko ndio kabisa: anamfuata mke wa mtu, anajichanja jina lake kifuani kwa kisu, na mabinti wa mtaani kwetu wakawa wanaimba nyimbo zake. Steringi halisi alikuwa Sunny Deol, ofisa wa jeshi la majini, mtu wa heshima zake. Nani anamkumbuka? Mwenyewe aliudhika, hakufanya tena kazi na mtayarishaji wake, Yash Chopra.

Chalii_wa_Sombetini

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya mama na bastola nimeisoma mara mbili.

Binti Kisauni

Hebu na mwenzenu niseme. Sisi Wakenya tuna yetu, Nairobi Half Life, ya 2012. Tosh Gitonga ndiye aliyeiongoza, na yule kijana Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora kule Durban. Nadhani wengi mwaijua.

Mara ya kwanza niliiona ndani ya basi la usiku kutoka Mombasa. Mwas yuko kijijini auza DVD, aigiza sehemu za filamu kuwafurahisha wateja, ndoto yake ni jukwaa. Aingia Nairobi na mzigo wa watu, hajamaliza hata kushangaa majumba, wamemkwapua kila kitu. Basi zima lilicheka, maana kila mtu ana binamu yaliyomkuta hayo. Kisha jela, choo cha kusafisha, hadi genge la kuiba vioo na redio za magari, hadi magari yenyewe. Na polisi wala pamoja nao. Nilikuwa nyuma yake mia kwa mia. Nilimwombea asishikwe, afike kwa mazoezi ya mchezo kwa wakati! Hebu fikiria, watu wanyang'anywa gari na bunduki, mie wasiwasi wangu ni asichelewe mazoezini.

Miaka mitatu baadaye, Mwembe Tayari, niko kwa tuktuk. Kijana wa miaka kumi na saba hivi, jezi ya Arsenal, akaingiza mkono akanishika hapa, kisu kidogo cha kukatia machungwa. Akachukua simu. Kisha akanambia, "Pole siz." Wallahi akanambia pole. Labda naye alikuwa na mazoezi ya mahali.

Simu ilikuwa na sauti za marehemu mamangu, jumbe za WhatsApp, sikuwa nimehifadhi popote.

Niliitazama tena ile filamu baada ya hapo. Ni nzuri vilevile, sitaidanganyia. Lakini jicho langu sasa lawatafuta wenye magari. Watokea sekunde chache, wapiga nduru, waondoka, hatuambiwi walifika vipi nyumbani. Kila nikitazama filamu za aina hii nangojea kamera irudi kwa yule alobaki barabarani. Hairudi.

Mtoto wa Soni

@Binti Kisauni pole sana dada. Hasa kwa zile sauti.

Mpiga Debe Mstaafu

Nakazia hapo kwa dada wa Kisauni, tena mimi naona kuna daraja lingine: watu wa kweli. Walter hayupo, ukimshangilia umeshangilia karatasi. Sasa nenda kwenye Narcos uone vijana walivyoweka picha ya Pablo Escobar, yule muuza kokeini wa Kolombia, kwenye wasifu. Kuna daladala huku njia ya Mbagala imebandikwa uso wake kioo cha nyuma!

Novemba 27, 1989 ndege ya Avianca ililipuliwa angani, watu 107 ndani na watatu chini. Watu 110. Mlengwa alikuwa mgombea urais, na hakuwamo. Tamthilia yenyewe inaonyesha, haijaficha. Na mtu anaiona, anamaliza, anakwenda kununua stika. Kule Medellín jengo alilokuwa akiishi wamelibomoa Februari 2019 kwa sababu wamechoka na watalii wa kupiga picha. Wenye misiba wanabomoa, sisi wa Mbagala tunabandika.

Chalii_wa_Sombetini

Sawa, Pablo nawaachia. Ila Money Heist mtaniambia nini? Wale walimwibia nani? Waliingia kiwanda cha noti Hispania, wakachapisha wenyewe, milioni 984 za euro. Hakuna mtu aliyepungukiwa hata senti. Profesa, kiongozi wao, alieleza vizuri kabisa, benki kuu zinachapisha zinagawiana, yeye akichapisha ni mwizi.

Mwalimu_Asidi

Chalii, wale wafanyakazi waliovalishwa ovaroli nyekundu na vinyago wakawekwa mbele ya bunduki za polisi, hao ni akina nani? Makarani. Watu wa mishahara. Mimi na wewe.

Chalii_wa_Sombetini

Ticha wewe unanifuata fuata kama Skyler.

Shangazi wa Makorora

😂😂 Haya, nimekusamehe kwa leo.

Ila jamani tusijifanye tumeanza juzi. Nani humu amewahi kumlilia Fisi? Tangu tukiwa watoto, bibi anasimulia, Sungura kaiba asali, Sungura kamsingizia Fisi, Fisi kapigwa mpaka kavunjika kiuno, na sisi tunacheka mpaka tunajikojolea. Simba anamkamata Sungura mguu pangoni, Sungura anamwambia "umeshika mzizi", Simba anaachia. Furaha ya ajabu! Asali ilikuwa ya nani? Ya Simba. Mwenye mali halali.

Nilimuuliza bibi mara moja, mbona Sungura hafungwi. Akaniambia lala.

Fundi wa Deki

Shangazi, ila Sungura ni mdogo. Hiyo ndiyo ruhusa yake. Angalia Walter: wanamwekea wakubwa zaidi yake kila msimu, Tuco kichaa, halafu Gus na kisu chake cha karatasi. Kila akikua, wanaleta Simba mpya ili yeye abaki Sungura. Siku Gus anakufa, Simba wameisha. Msimu wa tano hana wa kumficha ukubwa wake, ndipo watu wengi walianza kujisikia vibaya, na hawakujua kwa nini.

Kijiti cha Mwisho

Nani ana hiyo Breaking Bad iliyotafsiriwa Kiswahili jamani? Niko Kahama.

Mtoto wa Soni

MREJESHO, wakuu. Wiki ya tatu sasa.

Baada ya uzi huu niliamua kutafsiri kwa haki. Uongo nasema uongo. Akiua nasema kaua. Mama akaona tofauti, akaniuliza, "Kwani mtu amebadilika au wewe ndiye umebadilika?" Sikumjibu.

Tukafika ile ya treni, msimu wa tano. Wanaiba kemikali kutoka kwenye treni iliyosimamishwa jangwani, wanajaza maji badala yake uzito usipungue, muda unaisha, treni inaanza kutembea, Jesse yuko chini ya treni amelala. Mama amekaa ukingoni mwa kochi, goti kalisahau. Wanafanikiwa. Wanaruka wanashangilia, mama naye kapiga kofi moja. Halafu wanageuka, kuna mtoto wa kiume amesimama na pikipiki yake, kakamata buibui mkubwa kwenye chupa. Anawapungia mkono. Yule kijana Todd anampungia pia, anatoa bastola, anampiga.

Mama alishika mdomo. Mimi nikaanza kutafsiri, akanizuia kwa mkono. "Nimeona."

Iliyofuata ndiyo ilimmaliza. Habari kwenye runinga, wazazi wanamtafuta mtoto. Walter anamwambia Jesse kwamba naye hapati usingizi. Kisha anarudi kazini, na Jesse anamsikia anapiga mluzi. Mama akasema, "Anapiga mluzi?" Nikasema ndiyo. "Wimbo?" Nikasema ndiyo mama, wimbo. Akaomba nizime. Akaniuliza kama mama wa yule mtoto ataambiwa. Nikamwambia sikumbuki vizuri. Nakumbuka vizuri sana.

Siku mbili hakutaka kuiona. Akasema huyo mtu akamatwe, afungwe, na iwe mbele ya watoto wake. Siku ya tatu baada ya isha akaja mwenyewe na mto wake. "Weka nione anavyokamatwa."

Jana tumefika ile ambayo familia yote imekusanyika nyuma ya nyumba, wanakula. Shemeji polisi, Hank, anakwenda chooni. Anakaa. Anatafuta cha kusoma, anachukua kitabu kilichowekwa pale, anafungua, kuna maandishi ya mkono ya yule mpishi mwingine aliyeuawa. Uso wa Hank unabadilika. Polepole, amekaa palepale chooni, anaelewa kila kitu. Mwaka mzima amemtafuta, kumbe anakula naye.

Nikageuka kumwangalia mama nimpe tafsiri, nikijua hii ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

Mama amejipiga paja. "Kitabu kama hicho unakiweka chooni? Si angekichoma!"

Nikamtazama. Akanitazama.

"Nini? Nimeuliza tu. Endelea."